Mlango wa Tisa

Kitabu kimerudi kwa mlango wa nyuma,
mkononi mwa Biira, jirani yetu wa kota za Kilembe,
aliyekiazima kabla Nyamwamba haijafurika
akasahau, kama watu wanavyosahau sufuria za watu.
Ndivyo kilivyopona. Vingine vyote
mto ulivibeba usiku mmoja, pamoja na kabati.

Jalada lina alama ya kikombe.
Nyegere ni yuleyule, meno nje, mkia juu,
ila ndege mdogo aliyemwonyesha mizinga
amefifia, amebaki doa la manjano.

Nilikuwa na miaka minane. Baba akitoka shifti
alinawa mara tatu, na bado maji ya beseni yalikuwa ya kijivu.
Kisha chai. Kisha anasafisha koo: "Tulikuwa mlango wa ngapi?"
kana kwamba hajui.
Sura aliziita milango, kama alivyozoea kwenye Biblia,
na alisoma kwa kidole. Kidole cha shahada, kisicho na ukucha,
kilitembea chini ya maneno kama toroli kwenye reli,
kikikwama penye neno refu,
kikisukumwa,
kikipita.

Nilimpenda nyegere kwa ubishi wake.
Aliumwa na nyoka, akazimia, akazinduka,
akaendelea kumla nyoka yuleyule pale alipoishia.
Wiki nzima nilikwenda shule bila sweta, mvua inanyesha,
nikiwaambia wenzangu nina ngozi ya nyegere,
hadi kifua kikanibana na mama akanichua kwa mafuta ya mkaratusi
huku akimlaani mwandishi.

Mlango wangu ulikuwa wa tisa.
Nyegere anaingia chini ya mlima kutafuta njia ya mkato.
Giza lina uzito. Maji yanadondoka mahali asipopaona.
Dari inanguruma.
Nyuma yake wako nyegere wengine wanne.
"Wanne?" niliuliza. "Wametoka wapi?"
"Walikuwapo," alisema Baba. "Sikiliza."
Wanatoka watatu.
Akafunga kitabu, akazima taa,
na usiku ule hakukoroma.

Leo, barazani kwangu Kasese, miwani puani,
mwanangu Mbusa ameniegemea begani,
nimeufikia mlango wa tisa kwa pupa.
Kurasa tatu tu. Mvua inanyesha. Nyegere amelala ndani ya gogo.
Mlima hakuna. Giza hakuna. Wanne hakuna.
Nikarudi wa nane, nikaruka wa kumi,
nikahesabu kurasa nikidhani zimeliwa na mchwa.
Zimo zote. Zimeshonwa vizuri.

Palikuwa na mtu akija kwetu Jumapili
na mapera mfukoni, Masereka,
aliyenifundisha kupiga mluzi kwa jani la mgomba.
Alipoacha kuja niliambiwa amehamia Mubuku.
Mubuku si mbali.
Sikuuliza mbona haji hata Krismasi.
Nilikuwa na kitabu.

"Mama, umenyamaza. Nyegere amefanya nini?"
Nikaweka kidole chini ya neno *mvua*.
"Nyegere," nikasoma, "aliingia chini ya mlima."
Mbusa akainama karibu na ukurasa. Anasoma vizuri, huyu;
anasoma haraka kuliko babu yake.
"Hapajaandikwa hivyo."
"Najua. Sikiliza."
Nikamwambia giza, na matone, na dari.
Nikamwambia wanne.
Akasahau ukurasa, akanishika mkono wa gauni.
"Halafu wakatoka wangapi?"

Baba, ukiwa na kidole chako kwenye mstari wa uongo,
ulisema kweli.
Mimi sikuweza.
"Wote," nikasema. "Wote wanne.
Na wa mwisho kutoka, yule waliyedhani amebaki,
alitoka akipiga mluzi."