Kilo za Huruma

Swali la kumi na nne kwenye fomu yangu:
kuanzia sifuri mpaka kumi, maumivu yako ni ngapi?
Bibi Tupokigwe akaitazama mvua ya Mwakaleli,
akaniuliza kama sifuri nayo ni namba.

"Wewe andika hivi.
Mwaka juzi nilichuma kilo arobaini kwa siku.
Mwaka jana ishirini na sita.
Wiki hii karani wa mizani kaniandikia tisa,
na mbili kati ya hizo ni za huruma."

Nikaandika pembeni, nje ya kisanduku,
mahali ambapo kompyuta haisomi.

Baridi yabisi, ndivyo tunavyoiita,
na nani atamlaumu aliyeipa jina hilo
huku ukungu unalala na watu kitanda kimoja?
Nikaeleza: si baridi, bibi. Ni askari wa mwili
waliomsahau adui, wakaigeukia nyumba
waliyowekwa kuilinda.
Akavitazama vidole vyake,
vyote vimelalia upande mmoja
kama migomba asubuhi baada ya upepo.
"Kumbe," akasema. "Na posho yao natoa mimi."

Nikampa vidonge. Mara moja tu kwa wiki,
Jumapili, ukitoka ibadani.
Nikamtajia dalili za hatari, nikamzungushia tarehe,
nikapanda pikipiki nimeridhika.

Mwezi uliofuata kopo lilikuwa limejaa vilevile.
Kifuniko chake ni kile cha kubonyeza huku unazungusha,
kilichobuniwa watoto wasikiweze.
Mjukuu yuko bweni. Jirani anaondoka alfajiri.
Dawa ya vidole ilikuwa inadai vidole.

Miaka saba nimesomea mifupa.
Najua jina la kila kiungo cha kiganja,
najua kusoma kwenye picha mfupa wa nyonga
utakaovunjika kabla mwenyewe hajateleza,
na sikuwahi, hata siku moja,
kujiuliza kopo linafunguliwaje.

Usiku ule zahanati, umeme umekatika,
mimi na nesi Ambwene tulifungua makopo hamsini na mawili,
tukahesabia vidonge kwenye bahasha za kaki.
Juu ya kila moja Ambwene akachora kanisa dogo,
na chini yake: weka juu, mbali na watoto.
Kufika la thelathini, dole gumba langu likaanza kuuma.
Sikusema kitu.

Juzi mizani imesoma kumi na moja.
Nimeziandika, pembeni palepale.
Sijathubutu kumuuliza karani
safari hii huruma ni kilo ngapi.