Shaba Ipi

Chihoma ameingia na kitu ndani ya soksi.
Alikuwa anachimba shimo la choo cha shule,
kiunoni kwenda chini, sururu ikalia.
"Pima, dada. Ila usiniambie upesi."

Kikuku. Waya uliozungushwa mara saba,
umeota ukijani wa bomba bovu.

Sumaku kwanza. Nimeining'iniza kwa uzi,
haikugeuza hata shingo.
Si chuma basi. Chihoma anatabasamu,
anajua dhahabu nayo haijali sumaku.

Mizani niliinunua duka la karanga lilipofungwa, hapa Mpwapwa.
Hewani, gramu themanini na nne.
Kikizama ndooni, sabini na nne.
Nagawanya nyuma ya risiti: nane nukta nne.
Dhahabu ingegonga kumi na tisa.
Sisemi. Ameomba.

Nakwangua pasipoonekana, upana wa punje ya uwele.
Kila jibu katika kazi hii hulipwa kwa kidonda.
Tone la asidi: linatokota, linakuwa kijani.
Juu yake tone la amonia,
na kigae cheupe kinajaa buluu,
buluu ya wino uliomwagika kwenye sare.

"Shaba," nasema.
"Shaba ipi?"

Ameniweza. Lugha yetu ina kiganja kipana:
nyekundu ni shaba, ya manjano ni shaba,
iliyochanganywa na bati, shaba vilevile;
na bati lenyewe, hili linalopiga kelele mvua ikinyesha,
si bati, ni chuma kilichovishwa zinki.
Risasi ni risasi, iwe ya kuyeyusha au ya kuulia.

Naandika: *ya manjano, huenda ina zinki.*
Huenda nimeipigia mstari.
Waya wa masango, labda, uliokuja mabegani mwa wapagazi,
ukakatwa hapa kulipia hongo, msafara upate kunywa.

Kipenyo cha ndani, sentimita nne.
Chihoma anaingiza vidole vitatu, vinakwama.
Anavitoa polepole.
Ndani waya umelainika, umeng'arishwa na ngozi
iliyokuwa ikicheza humo.
Kwa hilo sina tone.

Amekunja soksi tupu, ameitia mfukoni.
Mlangoni ndipo akasema:
"Choo kitahamia upande wa mahindi.
Lile shimo nalifukia leo leo."