Kilo Tatu na Robo

Bastola yenyewe haifiki nusu kilo.
Ukiitia kwenye kikapu cha bamia
muuza bamia hatakuuliza.
Lakini kifyatulio chake kinadai kilo tatu na robo.
Nimepima mimi mwenyewe, Mwanaheri binti Shekue,
kwa mizani ya ndoana niliyoazima kibanda cha pili,
ya kupimia pweza,
bado inanuka chumvi.

Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
ubao wangu umeandikwa CHEREHANI NA SILAHA
na chini yake, kwa herufi ndogo, nambari ya kibali.
Watu hucheka. Sijui wanacheka nini.
Vyote viwili vina kasindano
kanakosubiri kuambiwa.

Semkiwa alikuja Jumatatu,
mhasibu wa shamba la mkonge, mlipa vibarua,
kidole cha shahada kimevimba fundo kama muwa.
Akatoa bahasha ya mpwa wake aliye ughaibuni:
kamani tatu, zimelala juu ya pamba
kama meno ya mtoto.
"Nitilie hizi. Ile ya kiwandani inanishinda.
Nikivuta, mtutu unakwenda kulia,
nalenga mnazi napiga kichuguu."

Namna ya kuifungua siiandiki, ndiyo mkate wangu.
Niseme tu kwamba mafuta ya zamani yaliganda kama gundi,
kwamba kamani mpya ilikuwa nyembamba, inang'aa,
mvivu kidogo,
na kwamba pweza wa kibanda cha pili walisubiri
mizani ipime tena:
kilo mbili kasorobo.

Akajaribu. Tupu; nimehakikisha mara tatu ni tupu.
Akaielekeza kwenye gunia la mchanga.
Tak.
Kama kuvunja tambi kavu.
Tak. Tak.
Akatabasamu kama mtu aliyetolewa mwiba,
halafu tabasamu likamkaukia usoni
akakaa kwenye kigoda cha wateja wa cherehani.

"Mwaka jana," akasema, "siku ya mishahara,
umeme umekatika, mlango wa ofisi ukalia.
Nilivuta, Bi Mwanaheri. Nilivuta kwa kweli.
Kidole kikaishia njiani,
kikagota pale pagumu, kikauma.
Ndipo tochi ikawaka. Kaoneka,
kijana wetu wa chai.
Kasahau chaja yake."

Sikuwa na la kumjibu. Nikajishughulisha na uzi.
Akalipa elfu arobaini, hakungoja chenji,
akaiacha ile kamani ya zamani juu ya meza,
fupi, nyeusi, kaidi.
Nikaitia kwenye kopo la vifungo.

Usiku nikaitoa.
Nikaibana kati ya gumba na shahada.
Inasukuma.
Hata gizani, hata bila bastola, inasukuma.
Mimi huyu nasifiwa mtaa mzima kwa kulainisha:
cherehani ya Bi Mgeni ilikuwa inakohoa,
sasa inapita kwenye hariri kama maji.
Lakini nani aliwahi kuingia humu
akaniambia, fundi, nifanyie iwe ngumu?

Alhamisi akaja kijana kwa baiskeli,
mguu mmoja wa suruali umebanwa na pini ya nguo,
mkononi kikaratasi:
*Ile ya zamani ipo? Ijumaa nakileta chombo mwenyewe. S.*
Nikamuuliza jina. Akanitajia.
Nilikuwa nalijua.

Nikampa kopo. Akapekua vifungo, akaipata,
akaidundisha kiganjani, ikaruka, akaidaka.
"Hii kamani ya kalamu, bibi?"

Nikamtazama kifuani. Shati la shule lililopauka,
kifungo cha pili hakipo,
ngozi inaonekana ikipanda na kushuka.

"Ya kalamu," nikasema. "Mwambie ipo.
Sasa simama hapo, usitikisike."
Nikatunga sindano uzi mweupe.