Saini

Mashine namba saba imeshika maji yake,
kioo cha duka la kufulia kimeganda hadi ndani.
Winnipeg leo ni ishirini na tisa chini ya sifuri
na basi la Mtaa wa Sargent limechelewa tena.
Nyamizi ametandaza daftari juu ya kikapu cha soksi:
*Thibitisha. Moja juu ya kosaini, toa kosaini,
ni sawa na saini mara tanjenti.*

Mbona rahisi, nikasema, weka sitini.
Nikapiga hesabu nyuma ya risiti ya sabuni:
huku moja na nusu, kule moja na nusu.
Nikakunja mikono kama mtu aliyemaliza deni.

"Baba, hiyo ni pembe moja.
Bi Kowalchuk anataka zote."
Basi nikashika kalamu nizidishe pande mbili,
akaweka kidole juu ya alama ya sawasawa:
"Na hapa huvuki. Ukivuka umeshakubali
kile ulichoambiwa uthibitishe."

Nikanyamaza.
Jumanne, benki, kijana wa dirishani
aliweka saini yangu ya leo
kando ya ile niliyotia mwaka niliofika,
akasema, kwa adabu kabisa, hazilingani.
Vidole vilikuwa vimetoka kwenye theluji,
mguu wa K ya Kasanda uligoma kushuka.
Nikatia tena, na tena,
nikijighushi mwenyewe.

Nyamizi anashuka mstari kwa mstari,
upande wa kushoto tu.
Anazipa sehemu zote mbili asili moja.
Juu panabaki moja toa kosaini kipeo cha pili;
anaikazia macho, anacheka, "Wewe nakujua,"
anaiandika saini mara saini.
Moja anaiacha isimame peke yake,
ya pili anaikalisha juu ya kosaini:
tanjenti hiyo.
Kulia hakugusa kitu.

Chini kabisa, kwa herufi ndogo: *isipokuwa tisini na wenzake.*
Wamekosa nini?
"Pale asili inakuwa sifuri, Baba. Hakuna wa kugawa."

Mashine ikatetemeka, ikatulia.
Akanigeuzia ukurasa: mzazi atie saini hapa,
kwamba kazi imefanyika nyumbani.
Nyumbani, nikasema, nikiangalia safu ya mashine.
Nikapuliza vidole kwanza.
Mguu wa K ukashuka, ukapita mstari kidogo.

Akafunga daftari bila kulinganisha.