Hodi

Diski nimeitoa kwenye bati la biskuti,
ilikuwa pamoja na risiti za marehemu baba
na funguo za kabati lililokwisha kuliwa na mchwa.
Fundi wa Langoni kaigeuza, kacheka:
"Hii, bibie, ya enzi za Nuhu."
Akaunga waya hapa, akapuliza pale,
na kiooni ikazuka bahari ya miraba,
buluu kama sabuni ya kufulia.

Muziki uleule: nyuki aliyefungiwa chupani.
Nilidhani nimeusahau.
Vidole vilikuwa vinaungoja.

Miaka ile kompyuta ilikuwa moja mtaa mzima,
nyumbani kwa babu, chini ya vidaka,
mgongo wake mnene kama gunia la mchele,
imefunikwa kitambaa cha kudarizi isiingie vumbi.
Mimi na Famau, mtoto wa ami, tulikalia kiti kimoja,
nusu kwa nusu.
Mimi nilichagua upanga. Yeye mwizi.
"Mwizi ndiye mwenye ndiya," alisema,
na kila alipofika mlangoni mwa wale watu wa miraba
hakubonyeza kitu kabla ya kutamka, kwa sauti,
"Hodi!"
Akangoja. Hakuna aliyeitika.
Ndipo akaingia, akavunja mitungi yao,
akazoa dhahabu iliyokuwemo.
"Adabu kwanza," aliniambia. "Wizi baadaye."

Kiingereza cha mchezo kilitushinda nusu.
Mlinzi wa daraja alikuwa na sentensi moja, siku zote hiyo hiyo,
tukaamua anauliza: Mke wangu kapika nini leo?
Leo nimeisoma sawasawa. Anasema: Usivuke usiku.
Ya kwetu ilikuwa bora.

Na lile neno, kuhifadhi!
Umeme ulikuwa wa kukatika;
usipohifadhi, safari ya wiki nzima imeliwa.
Maalimu chuoni akamwuliza, "Famau, umehifadhi?"
"Nimehifadhi, maalimu. Mbele ya pango, kabla ya joka."
Alipigwa bakora tatu.
Jioni alicheza akiwa amesimama.

Sasa limebaki faili moja tu.
Jina ni lake, herufi tano kubwa.
Saa mia mbili na kumi na nne.
Nimelifungua: kikosi kizima kimesimama palepale,
mbele ya lango la mwisho,
miaka ishirini na sita hawajakaa chini.
Nikafungua mkoba wao.
Chupa tisini na tisa za dawa nyekundu,
ile ya kurudisha uhai,
hata moja haijaguswa.
Tulikuwa tukiziweka. "Ngoja," tukiambiana, "vita vikubwa vinakuja."
Tukapigana na nusu ya ulimwengu tukichechemea,
dawa imo begani.

Tangu kesi ya nyumba ya babu hatusemezani.
Mwaka huu wa tisa.
Yeye alipewa juu, mimi chini, na ngazi haikupewa mtu.
Namsikia akikohoa alfajiri.
Najua hata kikohozi kikimkaba.

Nimepiga picha ya kioo: lango, kikosi, zile chupa.
Namba yake sikuwahi kuifuta.
Chini ya picha nimeandika neno moja,
nikaiweka simu kifudifudi kama karata.

Fundi ananyoosha mkono kwenye swichi;
ana wateja, na feni imeanza kusuasua.
"Nihifadhi, bibie, au nizime?"

Nimemwambia angoje.