Si

Niliandika kwa herufi kubwa nyekundu
juu ya picha ya sindano: UONGO.
Chini yake: Si kweli kwamba chanjo ya surua
inafunga uzazi wa mabinti.
Nikaituma saa tatu usiku,
nikalala usingizi wa mwenye haki.

Asubuhi Arua ilinukia muhogo uliovundikwa.
Kule Ediofe, kwa Anguyo mwenye fotokopi,
picha yangu ilikuwa inatoka moto moto,
shilingi mia mbili nakala.
Mashine yake haijui nyekundu.
UONGO uligeuka kivuli cha kijivu,
doa la chai tu.

Na simu zile zilikata ujumbe:
"Si kweli kwamba" likabaki juu, nje,
kama mgeni aliyefungiwa mlango mvua ikinyesha
huku wenzake ndani wanakula, wanasimulia.

Kabla wilaya haijaniajiri
nilifundisha ukanushi miaka sita:
si, ha, hu, vijisilabi
vinavyoweza kuangusha sentensi nzima.
Sikuwaambia wanafunzi
kwamba mara nyingi huanguka vyenyewe kwanza.

Jumatano tulikaa Onduparaka na sanduku la barafu.
Tuliwatarajia watoto mia na kumi.
Walikuja kumi na saba.
Muuguzi Candiru alihesabu chupa, akahesabu tena,
kana kwamba hesabu ya pili ingeleta mama mmoja.

Mama mmoja akaja kweli, bila mtoto.
Ayikoru, mikono ina unga.
"Mwalimu, mimi jambo hilo sikuwahi kulisikia.
Nilikuwa najiandaa kuja. Ndipo ukalikana.
Wilaya nzima ikeshe inakana kitu kisichokuwepo?
Lisemwalo lipo."

Jibu nilikuwa nalo, kurasa nne na michoro,
ila kila aya yake ilianza na uvumi.

Usiku nikaifuta picha.
Kulipokucha, kufuta nako kulikuwa kumesomwa:
Wameificha! Mnaona?

Wiki iliyofuata Candiru alikwenda kwa Ayikoru.
Alivuta kigoda, akachukua kisu, akamenya muhogo.
Chanjo hakuitaja.
Aliuliza, "Na huyu anayenikodolea macho, anaitwa nani?"
Akaambiwa. Akalirudia jina taratibu, likapata kicheko.

Sanduku lilikuwa miguuni pake, limefungwa,
barafu ndani ikiendelea kupungua.
Mimi nilikuwa nje ya ua.
Alikuwa ameniomba nisiseme neno.