Namba ya Kibati

Tulilipa ili tufungiwe.
"Babu zetu walifungiwa bure," Mwewa akacheka.

Chumba cha tatu, jumba la makumbusho, Lubumbashi:
misalaba ya shaba ndani ya kioo,
taa ya karbidi, kofia ya mchimbaji,
kufuli la tarakimu nne,
na saa ukutani inayorudi nyuma.

Yav akapima vivuli. Kapya akanusa barua
kana kwamba wino ungemnong'oneza.
Mimi nikageuza kibati cha mfanyakazi,
chenye tundu la uzi pembeni:
hapa mtu aliitwa kwa namba.

Nikajaribu ya babu,
ninayoijua kuliko jina lake la utotoni.
Kufuli likakataa.
Nikairudia taratibu, kama anayebisha hodi.
Likakataa.

Dakika ya hamsini na moja umeme ukakatika,
mtaa mzima, kama kawaida yake,
sumaku ya mlango ikaachia.
Mlango wazi. Harufu ya mvua juu ya vumbi jekundu.

Hakuna aliyetoka.

"Hebu soma tena hiyo namba,"
Mwewa alisema gizani, safari hii hacheki.
"Polepole. Pengine tumeruka sifuri."